Mbavu za Dorkasi

Siku waliyomtenga Edina, baba yake mzazi ndiye aliyefunga kikao kwa sala. Ilikuwa zamu yake. Wazee wa kanisa walikuwa na utaratibu wa kupokezana, na hakuna aliyefikiria kuuvunja kwa sababu ya binti wa mtu. Mzee Stanley Ndahani alisimama, akavua miwani, akamshukuru Mungu kwa umoja na hekima aliyowajalia watumishi wake, akawaombea wote safari njema ya kurudi makwao. Sauti yake haikutetemeka. Edina alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi la mbele, mikono mapajani, macho sakafuni, na baba yake alipofika kwenye amina yeye hakuitikia.

Kosa lenyewe lilikuwa la dakika chache. Edina alifundisha Baiolojia katika sekondari ya kanisa, na Jumapili alifundisha watoto chini ya turubai nyuma ya jengo la ibada. Katika mahubiri ya ndoa moja, Mchungaji Tumsifu alikuwa amesema kwamba kila mwanamume aliye hai ana ubavu mmoja pungufu, kwa kuwa ule wa Adamu ulitolewa akaumbiwa mke. Watoto walisikia. Jumapili iliyofuata msichana mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, huo ubavu umepungua upande gani?"

Mwalimu mwingine angesema tutaliona hilo baadaye. Edina aliwaambia wavulana wapandishe mashati, wasichana wahesabiane juu ya nguo, kila mmoja apitishe kidole kwenye mbavu za mwenzake polepole. Watoto walicheka, wakatekenyana, wakagombana, wakarudia. Zikalingana. Mtoto wa Daudi, mtunza hazina wa kanisa, akaenda nyumbani akaimwaga habari hiyo mezani mbele ya wageni: "Mchungaji kasema uongo. Tumehesabu."

Ndiyo iliyoletwa kikaoni.

"Hakuna anayekukataza kufundisha mtihani," Mchungaji Tumsifu alimwambia Edina. Alikuwa kijana kuliko wote mle ndani, mpole, mtu asiyepaza sauti hata akikasirika. "Serikali imeweka mambo ya mageuko ya viumbe kwenye mtihani wa kidato cha nne. Yafundishe. Ukimaliza, waambie watoto hayo ni ya mtihani tu, ukweli uko kwenye Mwanzo."

"Kwa hiyo niwafundishe uongo, wakauandike, wapewe cheti?"

"Usinigeuzie maneno, mwalimu."

"Muulizeni dunia ina umri gani," Daudi aliingilia. "Muulizeni mumsikie."

Edina alimtazama baba yake kwanza, kisha akajibu kwa upole, kama anayejibu mkaguzi. "Wataalamu wa miamba hapa hapa mjini wanasema haya majabali yetu yana zaidi ya miaka bilioni mbili."

"Bilioni!" Daudi alipiga goti lake kwa kofi. "Mimi natafuta milioni moja nimalizie choo cha kanisa siioni, yeye anazo bilioni mbili, kampa jiwe!"

Wazee walicheka. Hata mzee Stanley alicheka kidogo, kicheko kikamtoka kabla hajakizuia, na Edina akakiona.

Mchungaji hakucheka. Alimgeukia mzee Stanley. "Baba yangu, tukilegeza siku moja katika zile sita, ya pili tutaishika kwa nini? Kama Adamu ni hadithi, basi na dhambi yake ni hadithi. Na msalaba je? Ulikuwa wa kulipa hadithi?"

Mzee Stanley alitikisa kichwa kukubali. Hilo alilielewa. Alijifunza kusoma akiwa na mke tayari, kwenye madarasa ya kisomo cha jioni, na sura ya kwanza ya Mwanzo ndiyo aliyoisoma kwanza bila msaada wa mtu, kuanzia mwanga hadi pumziko. Kila siku katika zile sita aliijua ilivyokaa kwenye ukurasa. Kumwambia kwamba siku hizo si siku ilikuwa kumwambia hakuwa amesoma.

Uamuzi ukatoka. Edina asimame mbele ya ibada, akiri kwa kinywa chake kwamba aliwapotosha watoto. Mpaka siku hiyo nyumba nzima ya mzee Stanley iko chini ya nidhamu: hakuna kushiriki meza ya Bwana, na Umoja wa Akina Mama usikanyage pale kwa huduma yoyote.

Baada ya sala mzee Stanley alimsubiri mchungaji mlangoni. "Na mama yake?" aliuliza. "Unajua hali yake."

"Nyumba ya mzee wa kanisa ni moja, baba. Wewe mwenyewe umetufundisha hivyo." Mchungaji alimshika mkono, na macho yake yalikuwa yamelowa kweli. "Nami inaniuma. Mwambie binti yako asichelewe."

* * *

Dorkasi, mama yake Edina, alikuwa amelala chumba cha mbele, ambacho zamani kilikuwa sebule. Saratani ilianzia kwenye kizazi, ikapanda. Hospitali walikuwa wamemruhusu arudi nyumbani na chupa ya mofini ya maji, na kila aliyeyasoma macho ya daktari alijua ruhusa ile ilikuwa ya namna gani. Kitanda kilisogezwa dirishani ili aone lango.

Aliliangalia lango sana. Kila Ijumaa alasiri akina mama wa Umoja walikuwa wakiingia pale na vitambaa vyao vyeupe kichwani, wanamwogesha, wanambadilisha mashuka, wanamwimbia, wanamsimulia nani kaja na nguo fupi ibadani. Dorkasi alikuwa mwenyekiti wao kwa miaka mingi. Yeye ndiye aliyewafundisha kubeba jeneza la mwenzao wenyewe, begani, bila kuwaachia wanaume, huku wakiimba kutoka nyumbani hadi kaburini bila kukata. Katika kata nzima ya Nzuguni hakuna Umoja uliozika kama wao. Alikuwa amewazika wengi. Sasa alikuwa anangoja zamu yake, na hilo halikumtisha. Alilizungumzia kama mtu anavyozungumzia shughuli aliyoichangia muda mrefu.

Ijumaa hiyo lango halikufunguka.

"Wamechelewa," alisema.

Mzee Stanley alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango. "Labda upepo. Vumbi ni kali leo."

"Upepo wa Dodoma umeanza leo?"

Kabla hajajibu akaingia jirani, Salha, ambaye watu walimwita Mama Shamila, kwa mlango wa uani kama kawaida yake, na bakuli la uji wa ulezi na ulimi usiolala.

"Shikamoo mzee. Dada Dorkasi, leo hamna maulidi?" Ndivyo alivyowaita akina mama wa Umoja na nyimbo zao, na Dorkasi alikuwa akicheka kila mara. Leo hakucheka. Salha akamtazama mzee, akaelewa, maana mtaani habari ilikwisha tembea. "Hee. Kwa hiyo ni kweli? Kwa ajili ya mbavu?"

"Mama Shamila, ni mambo ya kanisa," alisema mzee Stanley.

"Sikatai. Sisi nasi tunasoma Adamu aliumbwa, sina ugomvi hapo. Lakini mgonjwa ni wa nani? Mgonjwa naye kahesabu mbavu za mtu?" Alikuwa tayari amemwinua Dorkasi kwenye mto. "Kunywa, dada. Kidogo. Hivyo hivyo."

Dorkasi alimeza mara moja akageuza uso. "Stanley," alisema. "Edina kafanya nini?"

Alimwambia. Alimweleza vizuri, kama alivyotoa taarifa kanisani, bila kuongeza wala kupunguza. Dorkasi alisikiliza mpaka mwisho.

"Nitazikwa na nani?" aliuliza.

* * *

Edina alirudi kutoka shuleni na fungu la madaftari, akayaweka mezani uani, hakuyafungua. Baba yake alimsubiri anawe mikono.

"Jumapili utasimama."

"Hapana, baba."

"Ni maneno machache. Unayasema, unakaa."

"Darasani nina watoto wanaokwenda kufanya mtihani mwezi wa kumi na moja. Swali la mageuko litakuja. Nikishasimama pale mbele nikasema ni uongo, Jumatatu naingia darasani na uso gani?"

"Uso wa mtoto mwenye mama mgonjwa."

Lilikuwa jiwe zito, na mzee Stanley alijua alipolilenga. Akaendelea kwa sauti ya chini, "Mama yako hana wiki nyingi. Unataka abebwe na vijana wa kukodi? Mbele ya wanawake aliowafundisha yeye? Watasimama barabarani wamekunja mikono, wanatazama."

"Na wewe je? Wewe ni mzee wa kanisa. Uliketi pale. Ungeweza kusema neno moja."

"Niseme nini? Kwamba Neno limekosea?"

"Sikusema Neno limekosea. Nimesema watoto wamehesabu." Akavuta pumzi. "Baba, wewe umewahi kuhesabu?"

"Sihitaji kuhesabu alichokifanya Mungu."

"Basi hapo ndipo tunapoachana," alisema Edina, akachukua madaftari yake akaingia ndani. Kutoka dirishani Dorkasi alikohoa, na wote wawili wakajua alikuwa amesikia.

* * *

Jumatano Salha alikwenda Kondoa kwenye msiba wa shangazi yake. Edina alikuwa shuleni mpaka jioni. Mzee Stanley alikuwa amepanga kwenda Makutupora kwenye shamba lake la zabibu, maana msimu wa kupogolea mizabibu ulikuwa umefika na kibarua aliyemwachia hakuaminika. Lakini alipoingia kumuaga mkewe alisikia harufu, akajua hawezi kuondoka.

"Nimejichafua," Dorkasi alisema akiwa ameelekea ukutani. "Mwite mtu."

Alitoka nje akasimama langoni. Mbele ya duka la pembeni walikuwa wameketi akina mama wawili wa Umoja, aliwajua kwa majina na majina ya waume zao. Aliinua mkono. Mmoja alianza kuinuka. Mwenzake akamvuta upindo wa kanga, akamnong'oneza jambo, yule akaketi tena. Kisha wote wawili wakamwamkia kwa mbali, kwa Kigogo na kwa adabu kubwa: "Mbukwa, mzee!"

"Mbukwa," aliitikia, akafunga lango.

Aliteleka maji mwenyewe. Alitafuta beseni, kitambaa na mche wa sabuni, vitu vilivyokuwa vimekaa humo humo nyumbani miaka yote bila yeye kujua vinapowekwa. Katika maisha yao ya ndoa hakuwahi kumwogesha mkewe. Alimvua gauni, akaona kilichobaki.

Hakukuwa na nyama. Ngozi ilikuwa imeshuka ikakaa juu ya mifupa kama shuka lililolowa. Alianza na uchafu, akaumaliza, akabadilisha maji, akamgeuza ubavu taratibu, akapitisha kitambaa mgongoni. Dorkasi alikuwa amekunywa dawa yake. Macho yamefumbwa, pumzi fupi fupi. Kitambaa kikateleza kikadondoka kwenye beseni, mkono wa mzee ukabaki juu ya ngozi tupu, kwenye mbavu.

Mkono wa mpogoleaji hauombi ruhusa. Mtu aliyekata mizabibu nusu ya maisha yake hahesabu macho ya tawi kwa akili. Kidole kinapanda chenyewe, jicho la kwanza, la pili, la tatu, kisha mkasi unakata. Kidole cha mzee Stanley kilikuwa kimekwisha pita mbavu nne kabla yeye mwenyewe hajajua kinafanya nini. Akakiona. Angeweza kukiondoa. Hakukiondoa. Kilishuka hadi zile fupi za chini ambazo hazifiki mbele, kikapanda tena hadi ule wa juu kabisa uliojificha chini ya mtulinga. Kumi na mbili. Akarudia. Kumi na mbili. Alimgeuza upande wa pili, kwa upole kuliko alivyomgeuza mara ya kwanza, akahesabu na huko.

Kisha aligeukia ukuta, akafungua vifungo vya shati lake. Alikuwa mtu mwembamba, hakuwa na mafuta ya kumficha. Alihesabu za kulia, akahesabu za kushoto. Alianzia juu, akaanzia chini. Alishika pumzi mbavu zitokeze. Alitafuta pengo, au hata kovu la pengo, mahali pa kulala ule mmoja uliokosekana, kwa bidii ileile aliyoitumia zamani kutafuta herufi moja katika mstari mgumu. Mkono ulimletea namba ileile.

"Maji yanapoa," Dorkasi alisema nyuma yake.

Alifunga vifungo haraka, akakosea kimoja. "Nakuja, mama. Nakuja."

* * *

Jioni ile alimkuta Edina jikoni akichemsha maji ya dawa. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kwa sababu hiyo Edina akaacha alichokuwa akifanya.

"Leo nimemwogesha mama yako mwenyewe," alisema.

"Nimeona mashuka. Asante, baba."

"Niliwaita wanawake. Hawakuja." Alijifuta uso kwa kiganja. "Sikuombi kama mzee wa kanisa. Nakuomba kama mtu aliyechoka. Simama Jumapili. Acha wenzake warudi."

Edina alichutama mbele yake, akamtazama kwa namna aliyowatazama wanafunzi anaodhani wanajua jibu ila wanaogopa. "Nikuulize kitu kimoja, baba. Wewe mwenyewe, moyoni, unaamini una ubavu pungufu?"

Hapo alikuwa na nafasi. Jikoni hamkuwa na mtu mwingine. Sufuria ilichemka, mfuniko ukagonga.

"Naamini," alisema mzee Stanley.

Edina aliinuka. "Haya," alisema. "Nimesikia."

Alichukua dawa akaenda chumba cha mbele, akakaa huko muda mrefu na mama yake, mlango umerudishwa. Mzee Stanley alisikia sauti ya Dorkasi ikinong'ona, inakatika, inaanza tena. Hakusikia maneno. Edina alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Mwambie mchungaji nitasimama."

* * *

Kanisa lilijaa Jumapili hiyo kuliko siku ya Pasaka. Watoto wa shule ya Jumapili waliletwa ndani, wakapangwa mbele, wao waliopotoshwa. Mzee Stanley aliketi kwenye benchi la wazee, upande wa madhabahu, uso kwa uso na watu. Maneno ya kukiri yalikuwa yametayarishwa na mchungaji, mafupi, na Edina alikuwa ameyashika kichwani.

"Mimi, Edina Stanley, ninakiri mbele za Mungu na kanisa lake kwamba niliwafundisha watoto mambo yaliyo kinyume cha Neno." Sauti ilikuwa kavu, safi, ya mwalimu. "Ninakiri kwamba mbingu na nchi ziliumbwa kwa siku sita, siku za asubuhi na jioni kama hizi zetu. Ninakiri kwamba..."

Akanyamaza.

Alikuwa amebakiza sentensi moja. Aligeuza kichwa, akautazama mstari wa wazee, akasimamisha macho kwa baba yake. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anangoja, kama mtu aliyefika mlangoni akabisha. Mtoto mchanga alilia nyuma, akatulizwa. Mtu alikohoa. Simu mbili tatu zilikuwa juu zinarekodi. Mzee Stanley alihisi macho yote ya kanisa yakifuata ya binti yake yakimjia yeye, hakuelewa anatakiwa nini, au alielewa akakataa kuelewa. Aliinamisha kichwa akafungua Biblia yake mahali popote, akageuza ukurasa mmoja, wa pili.

"...kwamba mwanamume ana ubavu mmoja pungufu," Edina alimalizia, "na kuwahesabisha watoto lilikuwa kosa langu."

Vigelegele vikapasuka. Akina mama wa Umoja walitoka kwenye viti vyao wakamzunguka, wakamkumbatia, na yule aliyeketi dukani siku ile ndiye aliyelia kwa nguvu kuliko wote. Katika mstari wa watoto, msichana aliyeuliza swali alikuwa ameingiza mkono chini ya kwapa, kidole kinatembea, midomo inacheza kimya kimya. Mama yake akamzaba kofi mkononi.

Jumatatu video ilikuwa imefika shuleni kabla ya Edina. Darasa la kidato cha nne lilisimama kumwamkia kwa unyenyekevu uliozidi. Alipogeuka kuandika ubaoni sauti ikauliza kutoka nyuma, "Madamu, mtihani ukija tuandike ya Jumapili au ya Jumatatu?" Walicheka hadi mkuu wa shule akachungulia dirishani. Edina alisimama na chaki mkononi mpaka walipochoka. Kisha akafundisha. Sura ilikuwa ileile, aliifundisha yote, wala hakuna aliyeandika.

* * *

Meza ya Bwana ililetwa kwa Dorkasi Jumanne. Ijumaa wenzake walikuja wote, chumba hakikutosha, wengine waliimba wakiwa wamesimama dirishani kwa nje. Alijaribu kuwafuata kwa midomo. Aliwarekebisha hata mahali walipopanda sauti mapema. Alipunga kidole, wakarudia. Salha, aliyekuwa amerudi, alisimama mlangoni na sinia la chai akisema, "Leo ndiyo maulidi yenyewe," na mara hii Dorkasi alicheka. Alifariki alfajiri ya Jumamosi.

Walimbeba kama alivyotaka. Vitambaa vyeupe kutoka langoni hadi makaburini, jeneza begani mwa wanawake, wimbo haukukatika hata walipovuka barabara ya lami na malori yakasimama. Watu walitoka madukani kutazama. Mzee Stanley alitembea nyuma na suti yake ya kaki, akaona fahari ikimpanda kifuani pamoja na uchungu, akaiacha ipande. Alikuwa amempa. Chochote kingine watu watakachosema, hiki alikuwa amempa.

Kaburini Mchungaji Tumsifu alihubiri kifupi kwa sababu ya jua. Alipomaliza alimgeukia mfiwa. "Mzee Stanley," alisema kwa ile sauti yake ya upole, "Mungu alichukua ubavu wako akakufanyia mwenzi. Leo ameuchukua tena kwake. Usione pengo hilo ukahuzunika. Pengo hilo ni ushahidi kwamba Neno lake ni kweli."

"Amina," walisema watu.

"Amina," alisema mzee Stanley, kwa nguvu kuliko wote, na mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe ukashika ubavu wa kushoto. Alipoinua macho alimwona Edina ng'ambo ya kaburi. Hakuwa akilitazama jeneza. Alikuwa anautazama mkono.

* * *

Matanga yalipoanuliwa na ndugu wa mwisho kuondoka, Edina alitoka ndani na begi. Alikuwa amepanga chumba Makole. Kutoka huko, alisema, ni rahisi kwenda shule. Wote wawili walijua shule ilikuwa karibu zaidi na Nzuguni.

"Hata arobaini haijafika," alisema baba yake.

"Nitakuja arobaini." Aliliweka begi chini, akakaa kwenye ukingo wa baraza. "Baba, mama aliniambia ulimhesabu."

Mzee Stanley alikuwa akinoa mkasi wa kupogolea. Jiwe la kunolea likasimama juu ya chuma.

"Alikuwa amelala," alisema.

"Hakulala. Alisema mkono wako ulifika chini ukarudi ukaanza upya. Alisema alitaka kukwambia anaumia, lakini akanyamaza asije akakuvurugia hesabu." Edina alitabasamu kidogo, na tabasamu lilikuwa la Dorkasi. "Na zako mwenyewe ukazihesabu, umegeukia ukuta."

"Alikwambia lini?"

"Jioni ileile. Baada ya wewe kuniambia unaamini."

Alihitaji muda kuzipanga siku: Jumatano, jioni, jikoni, kisha Jumapili. Alipofika Jumapili alifumba macho.

"Nilikungoja," Edina alisema.

"Ningesema nini, mwanangu? Mbele ya watu wote wale?"

"Namba tu, baba. Ungetaja namba."

"Wangekataa kumzika."

"Labda." Aliinuka akajipangusa vumbi la sketi. "Mama alitaka wenzake wamwimbie. Aliniambia hivyo: mengine siyajui, mimi nataka wenzangu waniimbie. Kwa hiyo ningeyasema maneno yao hata hivyo. Yote. Ila ningeyasema nikijua tuko wawili."

Alibeba begi, akamwamkia kama anavyoamkia mtoto anayeaga, akafungua lango akalirudishia nyuma yake bila kishindo. Mzee Stanley alibaki barazani. Upepo ulikuwa umeanza, unaokota vumbi la uwanja na majani makavu na karatasi za biskuti za waombolezaji. Aliuweka mkasi chini. Mikono yake akaiweka mapajani, kisha akaitoa mapajani akashika kiti, kisha hakujua aiweke wapi.

Kichwa cha Salha kikatokea juu ya ukuta wa uani.

"Mzee! Edina kanipita hapa analia, hata salamu hakuitikia. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama Shamila," alisema. "Hakuna kitu kabisa."